Pikipiki Ikikosa Nguvu, Anzeni na Hewa

Wasikilizaji wa Goma, pikipiki inayokataa kuongeza mwendo isiwapeleke moja kwa moja kufungua injini. Kwanza inyanyueni, gia ikiwa huru, mzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono: likiwa zito, huenda breki inashika au mnyororo umekazwa kupita kiasi. Mkivuta mafuta injini ikanguruma sana bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Injini yenyewe ikishindwa kupanda, chunguzeni hewa, petroli na buji. Na katika mji huu mimi ningeanza na filta ya hewa. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji, na mawe yake bado yanasagwa na magurudumu kila siku. Vumbi likiziba filta, petroli huzidi hewa, na buji hugeuka nyeusi kwa masizi.

Wapo wanaosema ni mwinuko. Kweli, Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, lakini mwinuko haujabadilika tangu pikipiki ilipokuwa na nguvu. Wengine huitoa filta kabisa, na pikipiki huonekana kuchangamka. Hapo ndipo hasara kubwa huanza: vumbi hilo gumu hukwangua silinda na ringi za pistoni, mgandamizo hupungua, na moshi wa bluu hufuata. Kwa anayelisha familia kwa kubeba abiria, kutengeneza silinda ni siku nzima bila mapato. Tafadhali, safisheni filta mara kwa mara wakati wa kiangazi, na ikichanika nunueni nyingine.