Nyimbo za Kiiraqw ziwalipe waimbaji

Mnadani Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, mwenye kibanda na kompyuta huwajazia wateja nyimbo za Kiiraqw na Kidatooga kwenye memori kadi. Pesa ni yake. Mwimbaji haambulii kitu, ingawa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda. YouTube nayo hudai wafuatiliaji 1,000 na, kwa video ndefu, saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka ndipo igawe mapato ya matangazo. Kwa lugha ya wasemaji wachache, ni mlima mkali. Njia fupi ipo: faili la wimbo, au somo la Kiiraqw kwa watoto waliokulia Dar es Salaam, litumwe kwa WhatsApp baada ya malipo ya M-Pesa. Halmashauri ziwafundishe vijana kuuza hivyo, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ifike Haydom na Katesh kuwasajili wasanii.