Tufuturu kwa Jua la Wapi? Kompyuta na Ilmu ya Falaki kwa Vijana wa Meru na Embu



 Mada niliyopewa ni ya kompyuta, lakini msidhani nimeyaacha mambo ya saumu. Nauliza swali moja tu: ukiwa Meru au Embu, unafuturu kwa jua la wapi?

Wengi wetu tunategemea redio. Adhana ikisikika kutoka Mombasa, tende imeshaingia mdomoni. Sasa hebu tupige hesabu. Mombasa iko longitudo 39.67 mashariki, Meru 37.65, Embu 37.46. Kila digrii moja ni dakika 4. Kwa hivyo, kwa longitudo peke yake, jua la Mombasa huzama kama dakika 8 kabla ya la Meru, na karibu 9 kabla ya la Embu. Umefunga kutwa nzima, halafu unaiweka saumu yako hatarini kwa dakika 8! Anayefuata Nairobi yeye huchelewa dakika chache, kwa sababu Nairobi iko magharibi yetu.

Utasema, basi tuongeze dakika 8, yaishe. Haiishi. Mombasa iko digrii 4 kusini ya ikweta, na sisi ikweta inapita baina yetu, Meru kaskazini kidogo na Embu kusini. Mwezi wa Juni Magharibi ya Mombasa huitangulia ya Meru kwa dakika 15 hivi. Desemba kwa dakika 1 tu. Na Ramadhan haikai mwezi mmoja, kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Hapa makisio hayatoshi. Inatakiwa hesabu.

Iko programu ya bure inayoitwa PyEphem. Aliyeitengeneza ni Brandon Rhodes, kwa kutumia hesabu za Elwood Charles Downey, mwandishi wa XEphem. Haina picha wala vitufe vya kubonyeza. Unaandika amri, nayo inajibu. Kwenye kompyuta ya Ubuntu, fungua terminali uandike:

sudo apt install python3-ephem

Ikishaingia hutahitaji bando tena, hata shambani itafanya kazi. Kisha andika python3, ubonyeze Enter, ufuatishe mistari hii mmoja mmoja:

import ephem
m = ephem.Observer()
m.lat = '0.05'
m.lon = '37.65'
m.date = '2025/3/29 09:00'
print(m.next_setting(ephem.Sun()))

Hapo umeiambia: mimi niko Meru, tarehe 29 Machi 2025, jua litazama lini? Itakujibu 15:37 na sekunde zake. Usishtuke! Hiyo ni saa ya dunia, UTC. Ongeza saa 3 upate 18:37, yaani saa kumi na mbili na dakika 37 jioni. Kwa Embu weka lat '-0.53' na lon '37.46'. Alama ya kutoa maana yake ni kusini.

Jihadharini na jambo moja. Zile alama za kunukuu msiziache. Ukiandika 37.65 bila alama, programu haitasoma digrii, itasoma kipimo kingine kiitwacho radiani, na haitakuonya. Jibu litakuja, lakini si la Meru.

Na mwezi je? Andika:

print(ephem.previous_new_moon('2025/3/30'))

Utaona mwezi ulikutana na jua tarehe 29 Machi, karibu saa 7:58 mchana kwa saa zetu. Jua la Meru lilipozama, mwezi ulikuwa na umri wa saa 4 na dakika 40. Mwezi mchanga hivyo jicho haliuoni. Kijana anayejua haya, akiletewa ujumbe kwamba mwezi umeonekana kijijini jioni ile, atauliza kwanza kabla ya kuusambaza.

Lakini kompyuta isitufanye tuwapite wanavyuoni wetu. Mfano ni Alfajiri. Wako wanaohesabu jua likiwa digrii 18 chini ya upeo, Wamisri 19.5. Kwetu hapa tofauti hiyo ni dakika 6 hivi. Programu itakuhesabia yoyote utakayo. Ipi ifuatwe, hilo waulizwe maimamu. Na kutangaza mwezi kuna wenyewe.

Pia tusidanganywe na mlima. Upande wa Meru jua huweza kujificha nyuma ya mabega ya Mlima Kenya na huku bado halijazama. Kivuli cha mlima si Magharibi.

Kazi hii si ngeni kwetu. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa mtunza nyakati za sala katika Msikiti wa Umayya, Damascus, na hakuwa na umeme. Ninyi mna kompyuta shuleni na saiba mjini. Basi kila msikiti upate vijana wawili, wapige hesabu ya mwezi mzima, wailinganishe na jua lenyewe kwa macho siku tatu nne, kisha wampelekee imamu aikague. Akiridhika, ibandikwe ukutani, na mama zetu jikoni wapate nakala.

Allah atutakabalie saumu zetu.