TUSIMWACHE NESI PEKE YAKE
Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya Kamati siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu



Habari za hisa na mikopo mmekwisha kuzisikia kwa Mweka Hazina, hatuna la kuongeza. Wilaya zetu sasa ni mbili, Mbinga na Nyasa, lakini sanduku letu ni moja. Wa kahawa na wa dagaa bado tunakaa kwenye mkeka mmoja, na hilo ni jambo la kujivunia.

Sisi tumepewa nafasi ya kusema juu ya afya. Tungeweza kuwakumbusha kuchemsha maji na kutumia chandarua, lakini hayo mnayajua. Tumeona leo tuseme jambo ambalo kikundi hiki kimelinyamazia kwa muda mrefu, nalo ni kupigwa, kutukanwa na kusumbuliwa kwa wauguzi wakiwa kazini. Tunalisema mbele ya wageni kwa sababu katika kosa hili na sisi tumo.

Yaliyotokea kwetu

Mwanachama mwenzetu mmoja ni muuguzi. Ametupa ruhusa tuyaeleze haya, ila jina lake na la zahanati yake tusiyataje.

Usiku mmoja wa masika alikuwa zamu peke yake kwenye zahanati ya huku ufukweni. Mlinzi hakuwapo. Akaletewa mtoto mwenye homa kali na degedege. Akampima, akaona ni malaria kali. Sindano iliyotakiwa ilikuwa imekwisha tangu wiki iliyopita. Akawaambia ndugu zake: "Mtoto huyu anatakiwa hospitali sasa hivi, mimi dawa sina." Wakamwuliza: kwa gari gani? Mmoja wao akasema manesi wanauza dawa, na kabla hajajibiwa akampiga kofi, kisha ngumi. Mwenzetu akaanguka kwenye pembe ya meza, jino likang'oka.

Sikilizeni basi alichofanya. Alinyanyuka, damu ikimtoka mdomoni, akamtundikia mtoto yule dripu, akakaa naye mpaka pikipiki ilipopatikana alfajiri. Mtoto alipona.

Sasa tuje kwetu sisi. Aliyepiga alikuwa shemeji wa mmoja wetu. Tulikaa kikao, tena haraka sana, maana tuliogopa kikundi kisije kikavunjika. Tukasema yaishe. Akatoa kuku wawili na fedha ya sabuni. Tukamwambia mwenzetu: "Dada, samehe, ni hasira za uchungu wa mtoto." Polisi hatukumpeleka. Yeye ambaye kila mwezi anawaambia watu waliopigwa wakachukue PF3 kwanza, yeye mwenyewe PF3 hakuchukua. Akanyamaza, akasema sawa. Sisi tukaona tumefanya kazi nzuri ya upatanishi.

Baada ya wiki chache akaomba uhamisho, akapewa. Zahanati ile ilikaa miezi mitano bila muuguzi wa usiku. Katika miezi hiyo, mkwe wa mmoja wetu alishikwa na uchungu usiku wa manane. Wakagonga zahanati, giza. Wakampakia kwenye mtumbwi wamkimbize kijiji cha pili. Alijifungulia majini. Mama tunaye. Mtoto hatunaye.

Kwa hiyo akina mama, wale kuku wawili tulidhani tumelipwa sisi. Aliyekuja kulipa deni ni mtoto ambaye hata jina alikuwa hajapewa.

Tuna la pili, fupi. Binti wa mwanachama mwenzetu aliajiriwa uuguzi mbali na hapa. Alipoomba ruhusa ya kwenda kujiendeleza kimasomo, mkubwa wake wa kazi akakataa kusaini mpaka, kwa maneno yake, "tuelewane." Akampangia zamu za usiku mfululizo. Binti akampigia mama yake simu akilia. Na sisi tulimshauri nini? Tulisema vumilia, omba uhamisho, usijiharibie kazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kwamba jambo hilo lina jina katika sheria, na kwamba mwenye kuharibikiwa na kazi alipaswa kuwa yule mkubwa.

Kwa nini ngumi inamwangukia nesi?

Tumejiuliza sana. Jibu la kwanza ni kwamba nesi ndiye tunayemwona. Tangu mwaka 1993, uchangiaji wa huduma ulipoanza katika hospitali za Serikali, mgonjwa amezoea kuambiwa: hiki lipia, hiki hakipo, kile kanunue nje. Aliyepanga bei hayupo pale. Aliyechelewesha dawa hayupo pale. Gari la wagonjwa lililoharibika halipo pale. Aliyepo ni mwanamke mmoja aliyevaa nguo nyeupe, na yeye ndiye anatumwa kutamka neno "hakuna." Hasira ya mambo kumi inamkuta yeye mmoja.

Jibu la pili ni upweke. Ninyi mnaijua nchi yetu. Ukiacha barabara ya lami ya kushuka Mbamba Bay, viko vijiji vya milimani ambavyo mvua ikinyesha havifikiki, na vya ufukweni ambavyo njia yake ni maji. Tunazo hospitali kongwe za misheni, Litembo kule juu na Mtakatifu Anna pale Liuli, zilizowahudumia bibi zetu na mama zetu. Lakini kabla hujafika huko unaanzia zahanati, na zahanati ya usiku mara nyingi ni nesi, taa na mlango.

Jibu la tatu ni kwamba wauguzi wengi ni wanawake, na wengine ni mabinti wadogo. Likizo yake, zamu yake, uhamisho wake na barua yake ya kwenda shule vyote viko mkononi mwa mtu mwingine. Akisema, anaambiwa amejirahisi. Asiposema, inasemekana amekubali.

Hapa tuseme na upande wa pili, tusije tukaonekana tunapendelea. Wapo wauguzi wenye lugha kali. Wapo wanaomkaripia mama aliyeko kwenye uchungu, na humu ukumbini wamo waliokaripiwa. Hilo ni kosa na lisifunikwe. Lakini kosa hilo lina mahali pa kupelekwa: kamati ya zahanati, Mganga Mkuu wa Wilaya, hata Baraza la Uuguzi na Ukunga ambalo lina uwezo wa kumwadhibu mwanataaluma. Kupiga si kulalamika.

Si hapa kwetu tu

Mwaka 2002 Shirika la Kazi Duniani, Shirika la Afya Duniani na vyama vya kimataifa vya wauguzi na wafanyakazi wa umma walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa. Afrika ya Kusini, wafanyakazi wa afya 61 katika kila 100 walioulizwa walikuwa wamepigwa, au kutukanwa, au kutishwa katika mwaka mmoja. Nchi tajiri nazo zilikuwa na hadithi hiyo hiyo.

Kuna habari moja ya India ambayo tungependa muibebe mwende nayo nyumbani. Tarehe 27 Novemba 1973, katika hospitali ya KEM mjini Mumbai, muuguzi kijana aitwaye Aruna Shanbaug alivamiwa na mfanyakazi wa usafi wa hospitali hiyo hiyo, mtu ambaye aliwahi kumwonya kazini. Alimnajisi na kumnyonga kwa mnyororo. Aruna hakufa, lakini ubongo ulikosa hewa na hakurudia tena hali yake. Yule mtu alishitakiwa kwa shambulio na wizi tu, akafungwa miaka 7, akatoka. Aruna alilala kitandani mpaka alipofariki tarehe 18 Mei 2015, karibu miaka 42.

Nani alimtunza miaka yote hiyo? Wauguzi wenzake wa hospitali ile. Walimwosha, wakamlisha, wakamgeuza kitandani, na waliostaafu waliwaachia wasichana ambao walikuwa hawajazaliwa siku ile. Baada ya shambulio waligoma kudai usalama kazini. Wakubwa walipotaka kumwondoa hospitalini ili kitanda kipatikane, wauguzi walikataa katakata, na hakuondolewa.

Wale hawakuwa na sanduku wala hisa kama sisi, walikuwa na umoja. Sisi tulikuwa na vyote viwili, na bado mwenzetu tulimpa kuku wawili.

Sheria inasemaje?

Tumejifunza kidogo, tukaona tuwagawie. Kumpiga mtu ni kosa la jinai, awe nesi au awe nani, na kikao cha ukoo hakiwezi kulifuta. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, unyanyasaji wa kijinsia, hata wa maneno na ishara, ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ni ubaguzi unaokatazwa. Na mkubwa anayedai mwili wa mtu ndipo asaini karatasi, kosa lake linaitwa rushwa ya ngono. Liko katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Pa kupeleka ni TAKUKURU, na simu yao ya 113 ni ya bure.

Huko Geneva nako, mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 190 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini. Jambo lililotufurahisha ni kwamba mkataba huo haukuishia mlangoni mwa ofisi. Unataja pia safari ya kwenda na kurudi kazini. Nesi anayetembea gizani kuja kukuzalisha, yuko kazini tangu alipofunga mlango wa nyumba yake.

Tuliyokubaliana

Kikao cha mwezi uliopita kimepitisha haya, na tunayatangaza ili mtubane:

(a) Hakuna tena suluhu ya chini chini kwa mtu aliyempiga mtumishi wa afya, hata akiwa mume, mtoto au shemeji wa mwanachama. Kwanza PF3, na Dawati la Jinsia na Watoto pale linapohitajika. Nauli italipwa na mfuko wa jamii, na wanachama wawili watamsindikiza.

(b) Katika vijiji vyenye wanachama, kutakuwa na zamu ya wanawake wawili wa kuitwa usiku nesi akiwa peke yake. Tumenunua taa za sola kwa ajili hiyo.

(c) Binti yeyote anayesumbuliwa kazini aje atuambie. Aandike tarehe, atunze ujumbe wa simu, asifute. Asiambiwe tena avumilie.

(d) Mwenye malalamiko juu ya muuguzi ayalete, tutayapeleka kwa maandishi kwenye kamati ya zahanati.

Kwenu wafadhili na viongozi tuna ombi moja, tena si la fedha nyingi: nyumba ya mtumishi ijengwe jirani na zahanati, na mlinzi alipwe kwa wakati ili awepo. Tofali na mchanga tutabeba wenyewe, migongo tunayo.

Kwenu waume zetu na vijana wetu: siku mkija na mgonjwa na mkaambiwa hakuna dawa, kasirikeni. Hata sisi tutakasirika. Lakini hasira hiyo tuibebe pamoja mpaka kwenye mkutano wa kijiji na kwa Diwani, tuulize dawa ziko wapi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tulificha, na tumeona tulivyopoteza.

Mwenzetu yule yupo humu leo, ameketi katikati yetu. Hajarudi kwenye zahanati ile na hatumlazimishi. Dada, kile kikao cha siku ile tulikifanya mbele ya watu, na mbele ya watu tukakunyamazisha. Leo mbele ya watu tunakuomba radhi. Tulikukosea. Ukitaka kusema, nafasi ni yako sasa hivi. Usipotaka, kaa, na sisi tutakaa nawe.