Dada Mjamzito Anayekunywa: Tumsindikize, Tusimfukuze

Somo langu ni fupi, ila linagusa nyumba nyingi.

Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994. Ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Kazi ni chache, na mambo ya vita tuliyoyaona hayatoki kichwani. Kachasu nayo ni bei ndogo. Dada anaanza kunywa ili apate usingizi, mwisho hawezi kuamka bila kunywa. Halafu anapata mimba.

Pombe ya mama inapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Anaweza kuzaliwa mdogo, au kupata shida ya kujifunza maisha yake yote. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Hata mama yake Samsoni, katika Waamuzi 13, alikatazwa divai na kileo.

Sasa tunafanyaje? Wengine tunamsimamisha mbele ya watu na kumwambia: acha leo! Wapendwa, sikilizeni vizuri. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukikatiwa ghafla, unaweza kutetemeka na kushikwa na degedege. Hapo mama na mtoto wote wako hatarini. Aache, ndiyo, lakini daktari awe karibu. Kwa anayetumia unga, yaani heroini, ni vilevile: Muhimbili, Dar es Salaam, wanatoa methadoni tangu 2011, na mjamzito huendelea nayo badala ya kukatishwa ghafla.

Basi wamama, mmoja wenu amsindikize mapema kliniki ya wajawazito. Amwambie nesi ukweli: anakunywa nini, kiasi gani. Ikihitajika, atapelekwa Dowa au Lilongwe. Nesi akijua, mtoto ataangaliwa vizuri siku za kwanza, maana anaweza kulia sana, kutetemeka au kushindwa kunyonya.

Na siri yake isigeuzwe ushuhuda wa Jumapili. Mwanamke akiaibishwa atajificha. Akijificha, nani atamwona mtoto wake?

Maombi yaendelee. Pamoja na maombi, tutoe nauli, tumpikie uji, tumlelee watoto akiwa hospitali.