Mpango Ubaki na Ardhi

Mei 2021 wenye hisa wa Unilever walipigia kura mpango wa kampuni yao wa kukabili mabadiliko ya tabianchi, na zaidi ya asilimia 99 ya kura zikauunga mkono. Ulikuwa na tarehe zake: shughuli za kampuni yenyewe ziache kutoa gesi joto ifikapo 2030, na safari nzima ya bidhaa hadi dukani isiiongezee anga mzigo ifikapo 2039. Wakati huo baadhi ya mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet, nchini Kenya, yalikuwa yake, tangu iinunue Brooke Bond mwaka 1984. Novemba hiyohiyo ikatangaza kuiuzia kampuni ya uwekezaji ya CVC biashara yake ya chai, mashamba hayo yakiwemo, kwa yuro bilioni 4.5. Mwaka 2024 mnunuzi mwingine wa mashamba hayo akatangazwa: kampuni ya Browns ya Sri Lanka.

Sisemi kwamba mipango hii ya tabianchi ni porojo. Kilo moja ya chai kavu hutokana na takriban kilo nne na nusu za majani mabichi, na maji yaliyomo huondolewa kwa joto ambalo viwanda vyetu hulipata hasa kwenye kuni za mkaratusi. Gogo likipasuliwa na kuachwa chini ya paa kwa miezi, huwaka vizuri. Likitupwa bichi ndani ya bwela, sehemu ya moto huishia kukausha kuni kabla ya kukausha chai. Banda la kuni hugharimu pesa leo, faida yake huja polepole, na meneja asiyedaiwa hesabu ya kuni ana kila sababu ya kuliahirisha. Mpango wenye tarehe na vipimo humnyima nafasi hiyo. Hiyo ni faida kubwa, na msitu wa Mau ulio jirani unaihitaji.

Lakini mpango huo ni wa kampuni. Kampuni ikiuza mashamba, kanuni za uhasibu wa gesi huitaka ihesabu upya mwaka wake wa msingi kana kwamba hayakuwa yake kamwe. Ni haki, maana huizuia kujisifu kwamba imepunguza moshi kwa kuuza tu. Ila bwela linaendelea kuwaka palepale, na aliyetoa ahadi hadaiwi tena chochote Kericho. Mchai huchumwa miaka hamsini na zaidi. Hapa umiliki umebadilika mara mbili ndani ya miaka michache.

Wapo watakaosema mmiliki mpya ana malengo yake. Yakiwa mazuri, nitayapongeza, lakini saa itakuwa imeanza kuhesabu upya. Wengine watahofu kwamba masharti yatawafukuza wawekezaji. Mbona tayari wanaishi na masharti? Katiba ya 2010 inamzuia asiye raia kukodi ardhi kwa zaidi ya miaka 99, na mikataba ya wageni ya miaka 999 ikafupishwa hadi hiyo 99. Basi mikataba inapopitiwa, serikali za kaunti na Tume ya Taifa ya Ardhi zidai ahadi ziandikwe humo: kipimo cha kuni, miti ya kando ya mito, upandaji upya wa michai inayostahimili ukame. Anunuaye shamba anunue na deni hilo.

Dawa hii haitoshi kwa viwanda vya wakulima wadogo vinavyosimamiwa na KTDA, kama Momul kule Kericho au Kapkoros kule Bomet. Huko mwenye kiwanda ni mkulima mwenyewe, na hana pa kuhamia. Anachokosa ni mtaji: bwela jipya hukatwa kwenye mapato yaleyale yanayomlipa bonasi, na mvua ya mawe ikipiga shamba, hasara ni yake. Kwa hiyo kampuni ya ng'ambo inayotaka chai isiyo na moshi mwingi, na ambayo mpango wake unamhesabu mkulima huyu miongoni mwa wanaoiuzia, iongeze bei yake kwenye mnada wa Mombasa.