Maonyesho ya Nane Nane na Mkulima Asiyefika Ngongo



Tumeombwa tuseme machache juu ya maonyesho ya Nane Nane, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Kila mwaka, mwanzoni mwa Agosti hata tarehe 8, wakulima, wafugaji na wavuvi wa mikoa ya Lindi na Mtwara hukusanyika katika viwanja vya Ngongo, mjini Lindi. Kanda nyingine nazo zina viwanja vyao, kama Nzuguni kule Dodoma na Themi kule Arusha.

Asili ya sikukuu hii yafaa ikumbukwe. Hapo kwanza wakulima walisherehekea siku yao tarehe 7 Julai, yaani Saba Saba, siku ambayo chama cha TANU kilizaliwa mwaka 1954. Katika miaka ya 1990 siku ya wakulima ilihamishiwa tarehe 8 Agosti, na Saba Saba ikabaki na maonyesho makubwa ya biashara ya Dar es Salaam.

Mwenye kufika Ngongo huona mengi ya kupendeza: mabanda ya halmashauri, mifugo iliyonona, mashine, ngoma, na vipando vya mazao vilivyostawi. Siku ya kilele washindi hupewa vikombe na vyeti. Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Vipando vile vilipandwa mapema, vikamwagiliwa maji. Mkulima wa Mnyambe hana maji ya namna hiyo. Uwanda wetu wa Makonde hauna mito juu yake, na bibi zetu waliteremka mabondeni kuchota maji ya kunywa. Shamba lake hungoja mvua. Basi akiuliza kipando kile chamfunza nini yeye, hapana budi apewe jibu linalofaa shamba lake, si shamba la maonyesho.

Jambo la pili ni zito zaidi. Agosti kwetu si mwezi wa mapumziko. Mikorosho hutoa maua, na ugonjwa wa ubwiriunga huyashika maua hayo na kuyakausha. Mkulima hurauka alfajiri apulizie salfa, umande ungalipo na upepo umetulia. Akiiacha mikorosho yake wiki nzima ili akatazame maonyesho, huenda akarudi akakuta maua yamekwisha kuharibika. Ndiyo sababu wengi wa Newala na Masasi, ambao sikukuu ni yao, hawaifikii.

Wala tusidhani kwamba elimu hiyo ni kitu kidogo. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000; msimu wa 1986/87 hazikutimia tani 20,000. Sababu zilikuwa kadha wa kadha: bei duni, watu kuhamishiwa vijiji vilivyokuwa mbali na mikorosho yao, na ugonjwa huo huo. Zao lilipoinuka tena, mojawapo ya mambo yaliyoliinua ni matumizi ya salfa na miche bora, kazi ya kituo cha utafiti cha Naliendele karibu na Mtwara. Kazi hiyo ingalikaa kituoni, isingalimfaa mtu. Ilifaa kwa kuwa ilimfuata mkulima shambani.

Kwa hiyo, ndugu zetu, twaona yatupasa mambo matatu sisi tutumwao Ngongo kwa fedha za umma. Kwanza, kila asimamaye bandani aandike maswali ya wakulima, na majibu aliyoyapata kwa wataalamu wa mabanda mengine. Pili, arudipo ayasome mbele ya mkutano wa kijiji, asiyafungie katika jalada la ofisi. Tatu, ifanyike siku moja ya mafunzo chini ya mikorosho yenyewe kabla ya mavuno kuanza Oktoba. Na wanawake waitwe, kwa maana kazi ya kuokota korosho kwa sehemu kubwa ni yao.

Vikombe tutavipokea kwa furaha tukivipata. Lakini mshindi wa kweli atajulikana msimu wa minada, mkulima asiyefika Ngongo atakapopeleka ghalani gunia moja zaidi ya mwaka uliopita, naye ajue sababu yake.