Dhamana ya Pawatila na Fundi wa Kijijini

Leo nataka tuzungumze juu ya karatasi. Si ile ya mkopo, hiyo najua umeitunza sana. Nasema ile ya dhamana, au waranti kama wengi tunavyoiita, mliyopewa pamoja na pawatila au trekta yenu. Iko wapi? Kama iko darini ndani ya mfuko wa nailoni, ishushe.

Dhamana ni ahadi kwamba kifaa kikiharibika kwa ubovu wa kiwandani, kitatengenezwa au kubadilishwa bila malipo. Ahadi hiyo ina mwisho. Mara nyingi huandikwa miezi kadhaa au saa kadhaa za kazi, lolote litakalotangulia. Pawatila inayolima asubuhi na kuvuta tela jioni inaweza kumaliza saa zake kabla ya miezi kwisha. Na vitu vinavyolika kwa kazi, kama visu vya kulimia na mikanda, kwa kawaida havimo.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Watu huamini kwamba fundi wa kijijini akigusa mashine tu, dhamana imekufa. Si lazima. Huko Marekani ipo sheria ya mwaka 1975 ambayo kwa jumla inamkataza mtengenezaji wa gari la nyumbani kumfunga mnunuzi kwenye gereji yake peke yake. Lakini sheria hiyo haivuki bahari ikufikie wewe uliyeko Mbarali. Kwako wewe, anza na maneno yaliyomo katika karatasi uliyoitia sahihi.

Kama imeandikwa kwamba sevisi ya kwanza, ambayo mara nyingi ni ya saa 50, ifanywe na wakala, basi mwite wakala, hata kama nauli yake inauma. Mashine mpya husagika ndani, na vipande vidogo vya chuma huingia kwenye oili. Ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema. Kama karatasi inataka tu oili ya aina fulani kwa wakati wake, fundi wako anaweza kuifanya kazi hiyo. Ila andika: tarehe, saa za mashine, aina ya oili, lita ngapi, jina la fundi. Risiti ibandike hapo hapo. Pawatila nyingi hazina mita ya saa, kwa hiyo dereva awe na daftari. Dereva asiyetaka kuandika, mimi nisingemkabidhi mashine.

Kubadilisha mashine ni jambo jingine kabisa. Mnajua mchezo wa gavana. Dereva anataka tela likimbie barabarani, basi fundi anakata lakiri na kukaza skrubu. Injini iliyoandikwa mizunguko 2,200 kwa dakika inalazimishwa kupita hapo. Siku moja mkono wa pistoni unakatika na kutoboa ubavu wa injini. Wakala akija, kitu cha kwanza kutazama ni lakiri. Hapo atakataa, na kwa kweli ana haki.

Lakini asikutishe kwa kila kitu. Umechomelea kiti cha dereva kwenye tela, kisha pampu ya dizeli ikafa. Muulize: kiti kimeiharibu pampu kwa njia gani? Jibu lake alitoe kwa maandishi, mwenyekiti wa kikundi akiwepo.

Na mashine ikifa ndani ya muda wa dhamana, zima, isukumeni mpaka kivulini. Fundi asiifungue "kuangalia tu". Mashine iliyokwisha kufunguliwa ni vigumu kuthibitisha ilikufa kwa nini. Piga picha kwa simu, mpigie wakala, uandike saa uliyompigia. Vipande vilivyovunjika vitie kwenye debe safi. Oili iliyomo usiimwage, maana wakala atataka kuiona.